Mwongozo Kamili wa Kuchagua Pedi Mpya za Breki za Gari la Spoti

Gari lenye uzito wa kilo 1,500 linalokwenda kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya mwendo inayokaribia kilojuli 580. Kasi ikifika kilomita 200 kwa saa, nishati hiyo inakuwa mara nne, si mara mbili, kwa kuwa nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Dereva anapokanyaga breki kwa nguvu ili asimame, sehemu kubwa ya nishati hiyo hugeuka joto ndani ya sekunde chache, na joto lenyewe huzaliwa mahali padogo mno: pale uso wa pedi, usiozidi sana ukubwa wa kiganja, unapoibana diski inayozunguka. Gari la spoti limeundwa lizifikie kasi hizo kwa urahisi na kuziacha kwa urahisi huohuo, na ndiyo maana pedi zake hazifai kununuliwa kwa kuangalia bei peke yake.

Hata hivyo, kosa linalojirudia zaidi miongoni mwa wenye magari ya aina hii si kununua pedi dhaifu. Ni kununua pedi kali kuliko matumizi ya gari, kwa imani kwamba inayostahimili joto kubwa zaidi ndiyo bora zaidi. Imani hiyo ni ya hatari. Ubora wa pedi hupimwa kwa joto ambalo breki za gari lako hulifikia kwa kweli, kuanzia asubuhi gari likiwa limelala baridi hadi kilele cha matumizi yake makali. Hatua zote zinazofuata zinajengwa juu ya jambo hilo.

Hatua ya kwanza: Yajue matumizi yako kwa ukweli

Kabla ya kufungua katalogi yoyote, andika gari lako linatumikaje katika mwezi wa kawaida. Usiandike unavyotamani litumike, andika linavyotumika. Dereva anayekwenda kazini siku tano kwa wiki na kuingia uwanja wa mbio mara mbili kwa mwaka ni dereva wa barabarani anayetembelea uwanja, na pedi zake zichaguliwe hivyo, hata kama gari lina injini ya nguvu farasi 500.

Katika mwendo wa mjini na wa barabara kuu, diski za gari la spoti aghalabu hubaki chini ya nyuzi 200 za Selsiasi, na mara nyingi chini zaidi ya hapo. Katika mteremko mrefu wa mlimani unaoendeshwa kwa haraka, joto hilo linaweza kupanda hadi nyuzi 300 au 400. Katika uwanja wa mbio, ambapo breki hukanyagwa kwa nguvu zote kila baada ya sekunde chache na hazipewi nafasi ya kupoa, nyuzi 500 au 600 ni jambo la kawaida, na magari mazito yenye tairi zenye mshiko mkubwa huvuka hapo. Uzito una uzito wake katika hesabu hii: gari la kilo 1,000 na gari la kilo 1,800 yakishuka kutoka kasi moja, la pili huzalisha joto karibu mara mbili. Kwa hiyo usiazime jibu la rafiki mwenye gari jepesi ukalipachika kwenye gari lako zito.

Ikiwa tayari unaingia uwanjani, huna haja ya kukisia. Ipo rangi maalumu ya kupaka ukingoni mwa diski ambayo hubadilika ikifikia joto fulani na kubaki imebadilika, hivyo ukirudi kituoni unasoma kiwango cha juu kilichofikiwa. Kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali nacho husaidia, ingawa kinasoma joto la wakati ule tu, baada ya diski kuwa imeanza kupoa, na hivyo husoma chini ya kilele cha kweli.

Hatua ya pili: Elewa pedi imetengenezwa kwa nini

Pedi ni bamba la chuma lililobandikwa mchanganyiko wa msuguano. Mchanganyiko huo una vitu vya aina nne: resini ya kuunganisha, nyuzi za kuupa uimara, vitu vya kusaga na vya kulainisha ili msuguano usipande wala kushuka ovyo, na vijazio. Uwiano wa vitu hivyo ndio siri ya kila mtengenezaji, lakini makundi makuu yanajulikana.

Pedi zinazoitwa za oganiki hutumia nyuzi zisizo za chuma pamoja na resini nyingi. Ni kimya, hazili diski, na hushika vizuri zikiwa baridi, ila huishiwa nguvu mapema joto linapopanda. Kwa gari la spoti linaloendeshwa kama lilivyokusudiwa, hazitoshi.

Pedi za seramiki, zenye nyuzi na chembe za seramiki, zinapendwa kwa sababu vumbi lake ni dogo na la rangi nyepesi, hazipigi kelele, na hudumu. Neno seramiki limewafanya wengi wadhani kwamba ni pedi za mbio. La hasha. Nyingi ni pedi za barabarani zenye tabia ya upole, na wala hazihusiani na diski za kaboni na seramiki zinazofungwa kwenye baadhi ya magari ya bei kubwa.

Pedi za nusu metali zina chuma na metali nyingine kwa kiasi ambacho mara nyingi hutajwa kuwa kati ya asilimia 30 na 65 ya uzito wake. Metali hubeba joto vizuri, hivyo pedi hizi huvumilia matumizi makali, na hapa ndipo zilipo pedi nyingi zinazouzwa kwa ajili ya magari ya spoti. Gharama yake ni vumbi jeusi linalong'ang'ania rimu, mlio wa mara kwa mara, na diski zinazolika haraka zaidi. Jambo moja lisisahaulike: metali hiyohiyo inayobeba joto kutoka usoni mwa pedi hulipeleka nyuma, kwenye pistoni zinazoisukuma pedi na kwenye mafuta ya breki. Nitalirudia suala hilo mbele.

Mwishoni kuna pedi za mbio. Nyingine zimetengenezwa kwa unga wa metali ulioshindiliwa na kuchomwa hadi ukashikamana bila resini. Nyingine zina mchanganyiko wa kaboni na metali. Zinaweza kufanya kazi kwenye nyuzi 700 na zaidi, lakini nyingi zinataka joto la nyuzi 100 au hata 200 kabla ya kushika ipasavyo. Mtu akizifunga kwenye gari la kwenda sokoni, ukanyagaji wa kwanza wa asubuhi, pengine mbele ya kivuko cha watembea kwa miguu, utakuta pedi ambayo bado haijaamka. Kwa maoni yangu, pedi za aina hii hazina nafasi kwenye gari linalotumika barabarani, hata kama mwenyewe anaapa kwamba ataendesha kwa uangalifu, maana anayejitokeza ghafla barabarani hangoji breki zipate moto.

Inafaa pia kujua kwamba pedi husimamisha gari kwa njia mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni ya kukwaruza: chembe ngumu za pedi huparuza diski. Ya pili ni ya kushikamana: tabaka jembamba la mchanganyiko wa pedi huhamia kwenye diski, kisha pedi husuguana na tabaka la jamii yake yenyewe. Pedi ya barabarani ikiwa baridi hutegemea zaidi kukwaruza. Pedi kali ikiwa imepata moto hutegemea zaidi kushikamana. Ndiyo sababu pedi ya mbio inayotumiwa ikiwa baridi hula diski vibaya mno: haijafika kwenye joto la kujenga tabaka, hivyo inafanya kazi mithili ya tupa.

Hatua ya tatu: Soma maandishi ya kwenye pedi na kwenye boksi

Ukingoni mwa pedi nyingi pamechapwa msimbo unaoishia na herufi mbili, kwa mfano FF au GG. Mfumo huu ni wa chama cha wahandisi wa magari cha SAE cha Marekani. Herufi ya kwanza inaeleza kipimo cha msuguano katika joto la kawaida, na ya pili katika joto la juu. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, na G ni kati ya 0.45 na 0.55. Pedi yenye FE, kwa mfano, hupungua nguvu ikipata moto, na yenye FG huongezeka.

Herufi hizi zina manufaa, lakini zisipewe heshima kuliko zinavyostahili. Kipimo hufanywa kwa kipande kidogo cha mchanganyiko kinachobanwa kwenye ngoma inayozunguka, si kwa pedi nzima kwenye gari. Tena kila herufi inabeba upana mkubwa: pedi mbili zenye FF zinaweza kuwa moja 0.36 na nyingine 0.44, tofauti ambayo mguu wa dereva huihisi mara moja. Wala kiwango cha juu cha joto katika kipimo hicho hakifiki karibu na joto la uwanjani. Zitumie herufi kukataa pedi isiyofaa, usizitumie kumtangaza mshindi.

Alama ya pili ya kutafuta ni ile ya kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 90, inayoandikwa kwa herufi E ndani ya duara pamoja na 90R. Kanuni hiyo inataka pedi ya kubadilishia ifanye kazi karibu sawa na ya awali, kwa tofauti isiyozidi asilimia 15. Kwa anayetumia gari barabarani, hii ni ahadi yenye maana, kwa kuwa mifumo ya ABS (inayozuia magurudumu kufunga) na ya kudhibiti uthabiti wa gari ilirekebishwa kwa kufuata pedi za awali. Pedi za mbio kwa kawaida hazina alama hii, na katika nchi zinazoifuata kanuni hiyo kukosekana kwake kunaweza kuwa kosa la kisheria na sababu ya bima kukataa kulipa.

Kwenye boksi za Marekani utaona pia alama ya jani yenye herufi A, B au N. Hiyo haihusu nguvu za breki hata kidogo. Inahusu mazingira, hasa madini ya shaba ambayo vumbi lake likisombwa na mvua hudhuru viumbe wa majini. Majimbo ya California na Washington yalipitisha sheria za kuipunguza mwaka 2010. Alama ya N ina maana kwamba shaba iko chini ya asilimia 0.5.

Kitu bora kuliko alama zote hizo ni mchoro wa mtengenezaji unaoonyesha msuguano ukilinganishwa na joto. Mtengenezaji makini huutoa. Usiangalie kilele cha mstari. Angalia jinsi ulivyonyooka katika eneo la joto uliloliandika kwenye hatua ya kwanza. Mstari ulionyooka kwenye 0.42 kuanzia nyuzi 50 hadi 500 ni wa thamani kubwa kwa dereva wa barabarani na uwanjani kuliko mstari unaoanzia 0.25, ukapanda hadi 0.60 kwenye nyuzi 450, kisha ukaporomoka. Breki zinazobadilika kadiri zinavyopata moto humnyima dereva kipimo cha mguu wake.

Takwimu ya "joto la juu" iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ichukuliwe kwa tahadhari. Watengenezaji hawaitafsiri kwa namna moja: kwa mmoja ni joto ambalo pedi inaweza kulifanyia kazi muda wote, kwa mwingine ni kilele cha kufikiwa kwa muda mfupi tu.

Hatua ya nne: Fikiria ekseli zote mbili kwa pamoja

Gari linapofunga breki, uzito huegemea mbele, na kwenye gari lenye injini mbele breki za mbele aghalabu hufanya takriban asilimia 70 ya kazi. Gari lenye injini nyuma, kama Porsche 911, lina uzito mwingi juu ya magurudumu ya nyuma na hivyo breki zake za nyuma hushiriki zaidi. Wahandisi wa kila gari walipanga mgawanyo huo kwa makusudi, kwa kutumia ukubwa wa pistoni, kipenyo cha diski na msuguano wa pedi.

Ukibadilisha pedi za mbele pekee na kuweka zenye msuguano mkubwa zaidi, umesogeza mgawanyo mbele: tairi za mbele zitafikia kikomo mapema, ABS itaingilia haraka, na umbali wa kusimama unaweza kuongezeka badala ya kupungua. Ukifanya kinyume, ukaimarisha nyuma peke yake, hatari ni kubwa zaidi, maana magurudumu ya nyuma yakifunga kabla ya ya mbele gari huzunguka. ABS hupunguza hatari hiyo ila haifuti kosa la uchaguzi. Njia salama ni kununua pedi za familia moja kwa ekseli zote mbili. Madereva wenye uzoefu wa mbio huchanganya michanganyiko kwa makusudi ili kurekebisha mizani ya gari, na kwa kawaida ile kali zaidi huwekwa mbele. Hata hivyo hilo ni suala la mtu mwenye vipimo, wala lisiigwe kwa kusikia.

Kamwe usibadilishe upande mmoja wa ekseli pekee. Gari litavuta upande.

Hatua ya tano: Kagua diski, kalipa na mafuta kabla ya kulipia pedi

Diski nyingi zimechapwa unene wa chini unaoruhusiwa, kwa kawaida karibu na maandishi MIN TH. Pima unene kwa mikromita mahali kadhaa kuzunguka diski. Ikikaribia kikomo, inunuliwe pamoja na pedi, kwa sababu diski nyembamba ina chuma kidogo cha kupokea joto na pedi nzuri juu yake itapashwa moto kupita ilivyotarajiwa. Tafuta pia nyufa. Vistari vidogo vya juujuu vitokanavyo na joto si ajabu kwenye gari la uwanjani, lakini ufa uliofika ukingoni au ulioanzia kwenye tundu la diski iliyotobolewa unaiondoa diski hiyo kazini siku hiyohiyo.

Ikiwa gari lako lina diski za kaboni na seramiki, kama zile ambazo Porsche huziita PCCB na kuzitambulisha kwa kalipa (vifaa vyenye pistoni vinavyobana pedi kwenye diski) za manjano, nunua pedi zilizoandikwa waziwazi kuwa ni za diski hizo. Pedi za diski za chuma zinaweza kuharibu uso wa diski ambazo bei yake inazidi mbali bei ya pedi. Ifahamike kwamba magari ya muundo mmoja huweza kutoka kiwandani baadhi yakiwa na diski za chuma na mengine za kaboni na seramiki, kwa hiyo jina la gari peke yake halitoshi.

Kwenye kalipa, angalia namna pedi za zamani zilivyolika. Zikiwa zimelika kwa mshazari, au ya ndani ikiwa imeisha wakati ya nje bado nene, kuna pini au pistoni iliyokwama, na pedi mpya itaharibika vilevile. Raba za kukinga vumbi la pistoni zikiwa zimepasuka au zimekauka, kalipa zihudumiwe kwanza.

Sasa mafuta ya breki, sehemu ambayo wengi huipuuza na ambayo imewaangusha wengi. Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewa polepole, na unyevu hushusha kiwango chake cha kuchemka. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yakishafyonza maji ya asilimia 3.7 kikomo hicho cha chini kinashuka hadi nyuzi 155. Kwa DOT 5.1 namba hizo ni 260 na 180. Ukinunua pedi kali zinazokuwezesha kufunga breki kwa kuchelewa zaidi, unaongeza joto linalopelekwa kwenye mafuta. Yakichemka, mvuke hujaa kwenye mabomba na kanyagio huzama hadi chini bila kitu. Badilisha mafuta kila baada ya miaka miwili kwa gari la barabarani, na kabla ya kila msimu wa uwanjani au mara nyingi zaidi kwa gari la mbio. Tahadhari na DOT 5: ingawa jina linafanana na 5.1, hayo ni ya silikoni na hayachanganywi na haya mengine.

Hatua ya sita: Hakikisha pedi inaingia na ni ya kweli

Agiza pedi kwa namba ya kalipa au kwa namba ya utambulisho wa gari, si kwa jina la muundo na mwaka tu. Magari ya spoti huuzwa na breki za ukubwa tofauti kwa hiari ya mnunuzi, na gari lililotumika huenda lilishabadilishiwa kalipa. Pedi ya zamani ikiwa mkononi, linganisha umbo la bamba, unene, matundu ya pini na mahali pa waya wa kiashirio cha kuisha.

Wengine huuliza kama pedi yenye eneo kubwa zaidi husimamisha gari haraka zaidi. Kwa kalipa ileile na mchanganyiko uleule, nguvu ya msuguano haitegemei eneo la mguso. Eneo kubwa husaidia pedi kudumu na kutawanya joto. Kwa hiyo pedi kubwa ni njema, ila kwa sababu tofauti na ile inayodhaniwa.

Pedi bandia ni tishio la kweli, kwani mchanganyiko unaweza kubanduka kutoka kwenye bamba ukiwa kwenye kasi. Nunua kwa muuzaji aliyeidhinishwa na mtengenezaji, kagua uchapaji wa namba na uwiano wake kati ya boksi na pedi, na ikataze nafsi yako punguzo lisiloelezeka. Pedi nyingi bora kwa matumizi makali zina bamba lenye meno madogo yanayoingia ndani ya mchanganyiko, ili usishikiliwe na gundi pekee.

Hatua ya saba: Ufungaji

Ufungaji wa pedi huelezwa vizuri zaidi na kitabu cha huduma cha gari lenyewe kuliko na mwongozo huu, kwa hiyo nitataja tu yale ambayo huharibu uchaguzi mzuri. Kabla ya kurudisha pistoni ndani, angalia chupa ya mafuta ya breki isije ikafurika, maana mafuta hayo hula rangi ya gari. Gari lenye breki ya mkono ya umeme liwekwe kwanza katika hali ya huduma. Ukiilazimisha pistoni yake utavunja mota. Kalipa nyingine za nyuma zina pistoni ya kuzungushwa, si ya kusukumwa. Kitovu cha gurudumu kisafishwe kutu, kwa kuwa chembe ndogo nyuma ya diski inatosha kuifanya iyumbe. Grisi ya joto kali ipakwe kwenye pini na pale bamba linapogusa kalipa. Isifike kabisa kwenye uso wa pedi wala wa diski. Vumbi la breki lisipulizwe kwa hewa, bali lisafishwe kwa dawa ya kusafishia breki, ili lisiingie mapafuni. Boliti zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa kiwango kilichoandikwa na kiwanda.

Na kabla gari halijatoka mahali lilipo, kanyaga breki mara kadhaa hadi kanyagio liwe gumu. Pistoni zilizorudishwa nyuma zinahitaji kusogea tena, na anayesahau jambo hili hukanyaga hewa.

Hatua ya nane: Zioanishe pedi na diski

Pedi mpya, hata ya bei ya juu kabisa, haijakamilika hadi iwe imeweka tabaka lake kwenye diski. Fuata maelekezo ya mtengenezaji ikiwa yapo. Yasipokuwepo, utaratibu unaokubalika kwa pedi nyingi za barabarani ni huu: katika barabara tupu na salama, punguza mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa mara chache kwa upole ili kupasha moto, kisha shusha kasi kutoka kilomita 100 hadi karibu 20 kwa saa, kwa nguvu lakini bila kuifanya ABS iingilie, mara 8 hadi 10 mfululizo. Usisimame kabisa. Baada ya hapo endesha dakika kadhaa bila kugusa breki kwa kadiri inavyowezekana, zipoe kwa upepo.

Sababu ya kutosimama ni ya msingi. Pedi yenye moto mkali ikibanwa mahali pamoja kwenye diski huacha alama nene ya mchanganyiko. Eneo hilo hushika zaidi kuliko mengine, hupata moto zaidi, na mwishowe mtetemo huhisiwa kwenye usukani. Mtetemo huo mara nyingi huelezwa kuwa ni wa diski kupinda, ilhali diski haijapinda. Ina tabaka lisilolingana. Kwa sababu hiyohiyo, ukitoka uwanjani usivute breki ya mkono mara unapoegesha. Liache gari kwenye gia au weka kizuizi cha gurudumu.

Katika kuoanisha kwa mara ya kwanza unaweza kusikia harufu kali na kuhisi breki zikilegea kidogo. Hiyo ni resini inayotoa gesi, ambayo huunda utando kati ya pedi na diski; hupita yenyewe baada ya kupoa.

Mwenye seti mbili, moja ya barabarani na nyingine ya uwanjani, akumbuke kwamba si michanganyiko yote inayoelewana juu ya diski moja. Pedi za mtengenezaji mmoja zilizokusudiwa kubadilishana ni chaguo jepesi. Vinginevyo, kila ubadilishaji unahitaji kuoanisha upya, au kila seti iwe na diski zake, jambo ambalo kwa anayeingia uwanjani kila mwezi naona linastahili gharama.

Kusoma dalili baada ya kuanza kuzitumia

Matumizi ndiyo yatakayokuambia kama ulichagua sawasawa. Kanyagio likibaki gumu lakini gari halipungui mwendo unavyotarajia, pedi zimevuka joto lake. Zinahitajika zenye uwezo zaidi, au mifereji ya kupeleka hewa kwenye diski. Kanyagio likilegea na kuzama, tatizo ni mafuta, na kununua pedi kali zaidi kutalizidisha. Tofauti ya dalili hizi mbili ikieleweka, pesa nyingi huokolewa, na pengine maisha. Kwa dalili yoyote kati ya hizo, punguza mwendo mara moja, maliza mzunguko kwa upole na acha breki zipoe.

Uso wa pedi uliong'aa kama kioo unaonyesha mchanganyiko uliochomwa kupita kiasi, au pedi inayotumika chini ya joto lake muda wote. Kingo zinazomomonyoka na kugeuka nyeupe ni ishara ya joto la kupindukia. Diski yenye mikwaruzo mirefu baada ya safari za mjini tu ni malalamiko ya pedi kali isiyopata moto. Mlio mfupi asubuhi yenye unyevu si tatizo. Mlio wa kudumu wa chuma ni kiashirio kinachosema pedi imekwisha.

Pedi nyingi mpya huwa na mchanganyiko wa unene wa milimita 10 hadi 12. Kwa matumizi ya barabarani zibadilishe zikifika milimita 3. Kwa uwanjani usingoje hapo: mchanganyiko ndio kinga kuu kati ya diski yenye moto na pistoni, na ukishapungua hadi nusu, joto hufika kwenye mafuta kwa haraka zaidi. Ingia uwanjani na pedi zenye zaidi ya nusu ya unene, na uwe na seti nyingine ndani ya buti.